Moto wa Bayogesi Ukipungua, Ukaguzi Uanzie Jikoni

Katika maboma ya Khunyangu na kwingineko katika Kaunti ya Busia, familia inayojenga mtambo wa bayogesi huwa na matumaini yake: jiko lisilo na moshi, muda mchache wa kutafuta kuni, pesa chache za makaa, na mbolea nzuri ya shamba. Mwanzoni mambo huenda sawa. Kisha siku moja moto uliokuwa ukichemsha maji ya ugali kwa dakika chache unakuwa mdogo, unageuka rangi au unazimika chakula kikiwa nusu. Baada ya wiki kadhaa za kusumbuka, sufuria hurudishwa kwenye mafiga, na mtambo uliogharimu pesa nyingi hubaki shimo lililofunikwa nyuma ya nyumba.

Mara nyingi mtambo wa namna hiyo haujafa. Tatizo huwa ni jiko lililoziba, maji yaliyotuama ndani ya bomba, kiungo kinachovuja, au matumizi yaliyozidi samadi inayoingia. Mambo haya yanaweza kutambuliwa na mwenye mtambo kabla hajamlipa fundi, mradi ukaguzi ufuate mpangilio: uanze jikoni, ufuate bomba, umalizike zizini. Anayeanza kwa kufukua tangi hutumia pesa nyingi na huhatarisha maisha yake.

Gesi hutoka wapi na husukumwa na nini

Mtambo wa bayogesi ni tangi lisiloingiza hewa. Ndani yake, bakteria wanaoishi bila oksijeni huozesha samadi iliyochanganywa na maji na kutoa gesi. Kati ya asilimia 50 na 70 ya gesi hiyo ni methani, ambayo ndiyo inayowaka. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni kaboni dayoksaidi, pamoja na kiasi kidogo cha haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza. Bakteria hawa hupenda joto, na hali ya hewa ya Busia inawafaa mwaka mzima.

Aina ya mtambo iliyoenea zaidi nchini ni ile ya kuba lililojengwa chini ya ardhi kwa matofali au mawe na saruji. Mingi ilijengwa baada ya mwaka 2009, mpango wa kitaifa wa bayogesi ya nyumbani ulipoanza, kwa muundo uliotokana na ule wa kituo cha CAMARTEC cha Arusha, Tanzania. Mtambo wa kuba hauna pampu. Gesi hujikusanya juu chini ya kuba na kusukuma tope la samadi hadi kwenye chumba cha kutokea. Uzito wa tope hilo lililopanda ndio unaoisukuma gesi kuelekea jikoni.

Kwa sababu hiyo, presha haiwi ile ile siku nzima. Asubuhi, baada ya gesi kujikusanya usiku kucha, moto huwa na nguvu. Jioni, baada ya kupika mara kadhaa, hupungua. Hali hiyo si kasoro. Kasoro ni moto kuwa mdogo hata asubuhi, au kubadilika ghafla ilhali samadi inaingizwa kama kawaida.

Moto wenyewe hueleza tatizo

Moto mzuri wa bayogesi ni wa buluu, umetulia juu ya matundu ya jiko na haupigi kelele nyingi. Ukibadilika, namna ulivyobadilika huonyesha mahali pa kuanza kutafuta.

Moto wa njano unaoacha masizi chini ya sufuria huonyesha kwamba hewa inayochanganyika na gesi ni kidogo. Tundu la hewa chini ya jiko limefungwa mno, au limezibwa na mafuta na uchafu.

Moto unaoinuka na kuachana na jiko, kisha ukazimika, huonyesha kwamba presha ni kubwa au hewa imezidi. Valvu ipunguzwe kwanza, kisha tundu la hewa lipunguzwe kidogo.

Moto unaorukaruka, unaopanda na kushuka kama unaopumua, huku bomba likitoa sauti ya kugugumia, karibu kila mara ni dalili ya maji ndani ya bomba.

Moto mdogo lakini uliotulia, ambao haubadiliki hata valvu ikifunguliwa yote, huonyesha ama tundu dogo la kutolea gesi limeziba, ama presha inayofika jikoni ni ndogo.

Moto usiowaka kabisa ilhali gesi inasikika ikitoka hutokea hasa kwa mtambo mpya. Gesi ya mwanzo huwa na kaboni dayoksaidi nyingi na hewa iliyokuwa ndani ya tangi. Kwa kawaida gesi inayowaka vizuri hupatikana baada ya wiki mbili hadi nne tangu tangi lijazwe. Hiyo ya mwanzo huachiliwa nje, mbali na moto.

Hatua ya kwanza: jiko

Jiko ndilo rahisi kukagua, na halihitaji fundi. Valvu ya jikoni ikiwa imefungwa, kichwa cha jiko hufunguliwa, huoshwa kwa maji ya moto na brashi, na matundu yake huzibuliwa kwa waya mwembamba. Uji na supu iliyofurika hukauka mle na kuziba matundu pole pole hata mpishi asitambue. Tundu dogo la kutolea gesi nalo huzibuliwa, lakini kwa uangalifu ili lisipanuliwe ovyo.

Haidrojeni salfaidi hula shaba na chuma. Jiko lililotumika miaka kadhaa bila kichujio huwa na kutu inayomomonyoka na kuziba njia ya gesi. Kichujio cha kawaida ni kopo lililojazwa vipande vya chuma vilivyoshika kutu, ambavyo hunasa gesi hiyo. Harufu ya mayai yaliyooza ikizidi jikoni wakati jiko linawaka, huenda vipande hivyo vimechoka na vinahitaji kubadilishwa.

Kuna kosa jingine linaloweza kuifanya familia idhani mtambo wake ni mbovu: kununua jiko la gesi ya mtungi sokoni na kuliunga kwenye bomba la bayogesi bila kulirekebisha. Gesi ya mtungi ina nguvu zaidi na hutoka kwa presha kubwa zaidi, kwa hiyo tundu la jiko lake ni dogo sana. Bayogesi ikipitishwa humo hutoa moto dhaifu. Anayeuza jiko aulizwe wazi kama limetengenezewa bayogesi. Kama sivyo, fundi mwenye ujuzi apanue tundu na kurekebisha hewa.

Hatua ya pili: maji ndani ya bomba

Bayogesi hutoka tangini ikiwa na unyevu mwingi. Ikipita katika bomba lililo kwenye udongo baridi, unyevu huo hugeuka maji, kama mvuke unavyogeuka matone kwenye kifuniko cha sufuria. Maji hutiririka hadi mahali palipo chini zaidi na kutuama hapo. Presha ya bayogesi ni ndogo sana, hivyo hata maji kidogo yanayojaa sehemu iliyobonyea yanaweza kuizuia gesi kabisa.

Ndiyo maana bomba hulazwa kwa mteremko wa angalau sentimita 1 kwa kila mita, ama kurudi kwenye kuba, ama kuelekea mahali maalumu pa kutolea maji. Kama njia ni ndefu, pahali pa chini kabisa huwekwa mtego wa maji, yaani kipande cha bomba kinachoelekea chini chenye koki au kizibo. Bomba lenye urefu wa mita 20 linahitaji mwisho mmoja uwe chini ya mwingine kwa sentimita 20. Tofauti hiyo haionekani kwa macho. Hupimwa kwa kamba na kipimo cha maji cha fundi mwashi.

Kumwaga maji, mwenye mtambo hufunga valvu kuu kwenye kuba, huzima moto wote ulio karibu, kisha hufungua koki ya mtego mpaka maji yaishe. Koki hufungwa vizuri kabla ya valvu kuu kufunguliwa. Wakati wa mvua za masika na za vuli, kazi hii ifanywe mara moja kwa wiki. Wakati wa kiangazi, mara moja au mbili kwa mwezi zinaweza kutosha.

Maji yakirudi siku moja au mbili baada ya kumwagwa, bomba limebonyea mahali pengine. Sehemu za kuangaliwa kwanza ni pale ng'ombe wanapopita, pale pikipiki au mkokoteni unapokanyaga, pale jembe lilipopita wakati wa kupanda, na pale udongo uliofukiwa ulipotitia baada ya mvua. Hapo dawa ni kufukua, kunyoosha bomba na kulilaza upya.

Hatua ya tatu: uvujaji

Gesi inayovuja ni hasara na ni hatari. Uvujaji hutafutwa kwa sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Sabuni ya unga hukorogwa kwa maji mpaka itoe povu, kisha hupakwa kwa brashi au sifongo kwenye kila kiungo, kila valvu na kila mahali bomba laini linapoungana na jiko. Povu likifura, gesi inatoka. Viungo vya uzi hufunguliwa na kufungwa upya kwa utepe wa mafundi wa bomba. Bomba laini lililopasuka hukatwa au hubadilishwa. Kulifunga kwa kamba ya mpira wa baiskeli ni suluhisho la siku chache tu.

Uvujaji mdogo hautoi povu kila mara, lakini geji ya maji huuonyesha. Geji hii ni bomba jembamba linaloonyesha ndani, lililopindwa kama herufi U na kutiwa maji, upande mmoja ukiwa umeungwa kwenye bomba la gesi karibu na jiko. Gesi husukuma maji, na tofauti ya urefu kati ya pande mbili, ikipimwa kwa rula, ndiyo presha. Majiko mengi ya bayogesi huwaka vizuri kwa presha ya takribani sentimita 8 hadi 16 za maji. Kuba lililojaa linaweza kufikisha hata sentimita 100, kwa hiyo geji ya mtambo wa kuba iwe ndefu ili maji yasirushwe nje, na mdomo wake ulio wazi uelekezwe nje ya jikoni.

Kwa geji hiyo, mwenye mtambo anaweza kutenganisha tatizo la bomba na tatizo la tangi kwa vipimo viwili.

Kipimo cha kwanza ni cha bomba. Jioni jua likishatua, ili joto lisibadilishe vipimo, valvu ya jiko hufungwa na presha huachwa ipande. Kisha valvu kuu ya kwenye kuba hufungwa na alama huwekwa kwenye geji. Baada ya nusu saa, kama maji yako pale pale, bomba ni zima. Kama yameshuka, bomba au kiungo kinavuja.

Kipimo cha pili ni cha tangi. Valvu kuu ikiwa wazi na jiko likiwa limefungwa, presha husomwa wakati wa kulala na tena alfajiri kabla ya chai. Katika mtambo mzima, presha hupanda usiku kucha hadi kuba lijae. Isipopanda, ilhali bomba limepita kipimo cha kwanza, basi ama kuba linavuja, ama samadi haitoi gesi ya kutosha.

Kwenye mitambo ambayo mfuniko wa juu umezibwa kwa udongo wa mfinyanzi na kufunikwa na maji, uvujaji wa mfuniko huonekana kwa mapovu yanayotoka majini. Maji hayo yakikauka, udongo hupasuka na gesi hutoroka. Kuongeza maji mara kwa mara ni kazi ya dakika moja, na inaweza kuokoa gesi ya mwezi mzima.

Hatua ya nne: samadi yenyewe

Ukaguzi wa zizini huja mwisho kwa sababu matokeo yake huchelewa. Samadi inayoingizwa leo haitoi gesi yake yote leo; hukaa tangini kwa wiki kadhaa, mara nyingi siku 40 hadi 60. Kwa hiyo moto unaopungua mwezi huu huenda chanzo chake ni jambo lililofanyika mwezi uliopita: ng'ombe mmoja aliuzwa kulipa karo, mwingine alichinjwa matangani, au mtoto aliyekuwa akiingiza samadi alirudi shule ya bweni. Familia husahau, na lawama huangukia mtambo. Kalenda ya ukutani yenye alama ya idadi ya ndoo za kila siku humaliza ubishi huo.

Samadi mbichi ya ng'ombe huchanganywa na maji kwa kiasi sawa, ndoo moja kwa ndoo moja, na kukorogwa mpaka mabonge yaishe. Ikiwa nzito mno, huganda na kutengeneza utando mgumu juu ya tope, na gesi hushindwa kupita. Ikiwa nyepesi mno, husukuma samadi ya zamani nje kabla haijamaliza kutoa gesi. Nyasi na mabua huondolewa kwa mkono. Mchanga huachwa utuame kwenye beseni la kuchanganyia, kwa kuwa ukiingia tangini hautoki na hupunguza nafasi mwaka hadi mwaka. Hili huwahusu hasa wafugaji ambao zizi lao ni la udongo.

Bakteria wa tangini huuawa na vitu vinavyoua wadudu wengine. Maji yenye sabuni nyingi, dawa ya kuua viini, na maji ya kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe yasiingizwe mtamboni. Samadi ya ng'ombe anayetibiwa kwa viuavijasumu iwekwe kando hadi matibabu yaishe. Dalili ya tangi lililoathirika, au lililoshindiliwa samadi nyingi kwa mara moja, ni tope linalotoka likinuka uchachu mkali na gesi isiyoshika moto. Hapo samadi isiingizwe kwa wiki moja au zaidi mpaka harufu itulie, kisha irudishwe kidogo kidogo.

Chumba cha kutokea pia kiangaliwe. Tope likikauka na kuziba njia ya kumwagikia, kiwango ndani hupanda, na tope linaweza kufika kwenye mdomo wa bomba la gesi na kuliziba.

Kulinganisha samadi na mapishi

Baada ya hitilafu kuondolewa, swali linalobaki ni la hesabu. Kilo 1 ya samadi mbichi ya ng'ombe hutoa takribani lita 30 hadi 40 za gesi. Jiko moja hutumia takribani lita 300 hadi 400 kwa saa. Ndoo ya lita 20 iliyojaa samadi ina uzito wa karibu kilo 20. Kwa hiyo ndoo moja kwa siku huleta moto wa jiko moja wa takribani saa 2, na ndoo mbili takribani saa 4.

Familia inayochemsha chai na uji kwa nusu saa asubuhi, ikapika chakula cha mchana kwa saa 1, na ugali na mboga kwa saa 1 na nusu jioni, inahitaji saa 3 za moto. Ndoo moja na nusu inatosha. Lakini siku ya maharagwe makavu, sufuria moja inaweza kumaliza saa 2 peke yake, na maji ya kuoga watu sita yakaongeza saa nyingine. Siku hiyo ndoo moja na nusu haitatosha, hata mtambo uwe mzima kiasi gani.

Hapa ndipo aina ya ufugaji inapoleta tofauti. Ng'ombe wa maziwa anayelishwa zizini mchana na usiku huacha samadi yote mahali pamoja. Ng'ombe wa kienyeji anayefungwa malishoni mchana na kulala zizini huacha sehemu kubwa malishoni. Anayehesabu ng'ombe kwa vichwa hujidanganya. Hesabu iwe ya ndoo. Kabla ya kujenga mtambo, na kabla ya kulalamika kwamba mtambo ni dhaifu, samadi inayopatikana zizini ipimwe kwa ndoo kila asubuhi kwa wiki nzima.

Pengo likionekana, njia zipo. Maharagwe yakilowekwa usiku huiva mapema. Sufuria ikifunikwa na moto ukipunguzwa mara chakula kinapochemka, gesi nyingi huokolewa bila chakula kuchelewa. Chakula kinachochukua muda mrefu kipikwe asubuhi, presha ikiwa juu. Samadi ikiongezwa, iongezwe polepole kwa wiki mbili au tatu. Na tope linalotoka mtamboni lirudishwe kwenye nyasi za nepia: nepia hulisha ng'ombe, ng'ombe huleta samadi, na samadi huleta moto.

Majiko mawili kwenye bomba moja

Katika maboma mengi, bomba moja hulisha jiko la mama mwenye boma na jiko la mke wa mwanawe, nyumba zikiwa mbalimbali. Lawama za hapa huwa za namna moja: jiko la karibu na kuba likiwashwa, la mbali hufifia. Aliye mbali hudhani mwenzake anamnyima gesi kwa makusudi. Ukweli ni kwamba gesi hupitia njia rahisi. Kadiri bomba lilivyo refu na jembamba, ndivyo presha inavyopotea njiani, na jiko la karibu hupata kwanza.

Kusawazisha huanza baada ya maji yote kumwagwa na viungo vyote kupimwa kwa sabuni. Kwanza, jiko la mbali huwashwa peke yake, valvu yake ikiwa wazi yote. Kama ni dhaifu hata likiwa peke yake, tatizo ni la njia yake: bomba jembamba, bomba lililobonyea au uvujaji. Kama lina nguvu likiwa peke yake, tatizo ni la kugawana.

Kisha jiko la karibu huwashwa, na valvu yake hupunguzwa kidogo kidogo huku mtu wa pili akiangalia moto wa jiko la mbali. Moto wa mbali unaporudi kuwa wa buluu na kutulia, valvu ya karibu huachwa hapo na kuwekewa alama ya rangi. Alama hiyo huwa makubaliano ya boma. Kuanzia hapo, kila jiko likiwashwa pamoja na jingine, valvu ya karibu isipite alama.

Kama majiko yote mawili ni dhaifu yakiwashwa pamoja lakini kila moja lina nguvu likiwa peke yake, na njia ya gesi ni safi, basi gesi haitoshi kwa wakati mmoja, na dawa ni zamu za kupika. Kwa suluhisho la kudumu, bomba kuu linalotoka kwenye kuba liwe pana zaidi, kwa mfano la robo tatu ya inchi badala ya nusu inchi, na lipewe mgawanyiko karibu na kuba ili kila nyumba iwe na njia yake na valvu yake. Kuvuta jiko la pili kutoka nyuma ya jiko la kwanza ni rahisi siku ya kwanza, lakini ndiko huleta ugomvi baadaye.

Mitambo ya mifuko

Wakazi wenye mitambo ya mifuko ya plastiki iliyo juu ya ardhi au kwenye mtaro hufuata hatua zile zile, kwa tofauti moja kubwa: presha ya mfuko huwa ndogo sana wakati wote. Maji kidogo bombani huathiri mfuko zaidi ya kuba, na bomba jembamba huonekana haraka. Mfuko uliojaa gesi ilhali moto ni mdogo huonyesha kuziba kwenye bomba au jikoni. Mfuko uliolegea huonyesha samadi kidogo au uvujaji. Mikanda mipana inayobana mfuko kwa upole huongeza presha wakati wa kupika. Vitu vyenye ncha, kuku, mbuzi na jua kali ni adui wa mfuko, kwa hiyo uzungushiwe ua na ujengewe kivuli.

Mambo ambayo mwenye mtambo asifanye

Hakuna mtu anayepaswa kuingia ndani ya tangi, hata likiwa limemwagwa na kuonekana tupu. Gesi iliyobaki haina oksijeni, na haidrojeni salfaidi ikiwa nyingi humwangusha mtu papo hapo, mara nyingine bila yeye kusikia harufu. Anayeruka ndani kumwokoa mwenzake huanguka pia. Kazi ya ndani ya tangi ni ya mafundi wenye vifaa vya kupitisha hewa, kamba na watu wa kuwavuta walio nje.

Moto usijaribiwe kwenye mdomo wa bomba linalotoka moja kwa moja kwenye kuba. Kama kuna hewa ndani, moto unaweza kurudi nyuma na kulipua. Moto huwashwa kwenye jiko tu.

Jikoni pakinuka gesi, moto wote uzimwe, valvu kuu ifungwe, milango na madirisha yafunguliwe, na swichi za stima zisiguswe mpaka harufu iishe. Vifuniko vya mashimo ya kuingizia na kutolea samadi vikae mahali pake kila saa, kwa ajili ya watoto na mifugo.

Msaada unapohitajika

Kilimo na ufugaji ni majukumu ya serikali za kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ambalo pia linazipa kaunti jukumu la usambazaji wa gesi. Mahali pa karibu pa kuuliza ni kwa afisa wa kilimo au mifugo wa wadi, au kwenye ofisi ya kilimo ya kaunti ndogo.

Fundi akiitwa, aelezwe mambo matano: moto unaonekanaje, tatizo lilianza lini, maji yalimwagwa lini, geji ilisoma nini usiku na alfajiri, na ni ndoo ngapi za samadi zilizoingia kila siku kwa miezi miwili iliyopita. Mwenye majibu hayo humwonyesha fundi mahali pa kuanzia. Asiye nayo huenda akalipia kufukuliwa kwa kuba zima, kumbe tatizo lilikuwa kikombe kimoja cha maji kwenye bomba lililobonyea kando ya njia ya ng'ombe.